Utamaduni wa Ubalozini Unamwita Nani Nyumbani?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine wapate hadhi maalumu. Tangu hapo maneno matatu yamekuwa yakichanganywa kama choroko na dengu: uraia pacha, hadhi maalumu na diaspora. Wapo wanaodhani uraia pacha umekwisha kuruhusiwa. Haujaruhusiwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ingali inasema kwamba mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa kwingine, wa Tanzania unamtoka. Wapo pia wanaodhani hadhi maalumu inakuja na kura. Haiji nayo. Kinachotolewa ni wepesi wa kuingia nchini, kukaa na kumiliki ardhi kwa masharti.

Mkanganyiko huo wa sheria wakili anaweza kuumaliza kwa nusu saa. Upo mwingine usiomalizika upesi, nao huibuka kila ifikapo tarehe 7 Julai, balozi zetu zinapoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa pilau, ngoma, vitenge na hotuba. Sherehe ile ni ya nani? Ni ya mgeni anayetakiwa aje Serengeti? Ni ya Mtanzania anayetakiwa atume dola? Au ni ya mtoto wake aliyezaliwa Houston au Leicester, ambaye bibi akizungumza kwenye simu anaelewa kila neno, lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza?

Jibu la kiserikali ni kwamba sherehe ni ya wote. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Shughuli tatu zenye walengwa tofauti, gharama tofauti na vipimo tofauti zimevikwa kanzu moja inayoitwa utamaduni, na kati ya hizo tatu, ile ya mtoto ndiyo inayobaki bila fungu.

Ilikotoka

Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na neno zuri kwa mtu aliyeondoka. Msomi alipelekwa Moscow au London ili arudi kujenga taifa. Asiporudi alihesabiwa kuwa deni lisilolipwa. Mzamiaji, kijana wa bandarini aliyejificha ndani ya meli mpaka akatokea Ulaya au Afrika Kusini, alijulikana mtaani kwao tu. Zanzibar kulikuwa na kundi la tatu, lenye jeraha lake: waliokimbia baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Wengi wao waliishia Oman, hasa baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwafungulia milango watu wenye asili ya Oman waliokuwa nje. Kwa miaka mingi hawa walitajwa kwa mashaka. Kualikwa hakukuwapo.

Uchumi ulipobana miaka ya 1980 waliondoka wengine wengi, wauguzi na wahandisi pamoja na wale ambao Watanzania wenyewe huwaita wabeba boksi. Walianza kutuma fedha nyumbani, na fedha hizo ndizo zilizobadili lugha ya serikali. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001 iliweka mbele diplomasia ya uchumi. Wakati wa Rais Kikwete wizara ikapata idara ya kushughulikia diaspora. Zanzibar ikaandika sera yake yenyewe ya diaspora mwaka 2017. Toleo la 2024 la Sera ya Mambo ya Nje, lililozinduliwa Mei 2025, linaitaja diaspora pamoja na Kiswahili miongoni mwa maeneo ya kipaumbele.

Kiswahili nacho kilikuwa kikipanda ngazi zake. SADC ilikikubali kuwa lugha rasmi Agosti 2019. UNESCO, Novemba 23, 2021, iliitenga Julai 7 kuwa siku yake, kwa kumbukumbu ya TANU kukifanya chombo cha mapambano ya uhuru tarehe kama hiyo mwaka 1954. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Basi ikaonekana ni jambo la kawaida kuzifunga safari hizi mbili mzigo mmoja: diaspora wawe mabalozi wa Kiswahili, na Kiswahili kiwe kamba ya kuwafunga diaspora na nyumbani.

Msomaji aangalie kilichotangulia. Miongoni mwa huduma za mwanzo zilizobuniwa kwa Mtanzania wa nje, zilizovuma zilikuwa za fedha: akaunti ya Tanzanite ya benki ya CRDB na mpango wa WESTADI wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Darasa la Kiswahili la Jumamosi kwa mtoto wake halikuwamo katika orodha. Simlaumu mtu kwa hilo, kwa kuwa benki ina sababu ya kumtafuta mteja. Lakini aliyekuja kwanza ndiye aliyechagua viti.

Msimamo wa kwanza: utamaduni ni bidhaa

Wenye msimamo huu hutumia neno kubidhaisha, na hawalionei haya. Hoja yao ni kwamba lugha ni rasilimali isiyochimbwa ikaisha. Walimu, wakalimani na wafasiri wanaweza kuajiriwa kwayo, na kila mgeni anayejifunza salamu zetu ni mtalii mtarajiwa. Ndiyo maana balozi kadhaa zimefungua madarasa ya Kiswahili, kongamano la kimataifa la Kiswahili likafanyika Havana Novemba 2024, na filamu ya Royal Tour ikazinduliwa New York Aprili 2022 huku Rais mwenyewe akiwa ndiye mwongoza wageni.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unapimika. Watalii wanahesabika, wanafunzi wanahesabika, na mikataba ya walimu inahesabika. Afisa utamaduni anayetakiwa kuandika ripoti ya robo mwaka atauchagua huu kabla ya mwingine wowote.

Udhaifu wake ni kwamba bidhaa hung'arishwa kwa jicho la mnunuzi. Utamaduni wa kuuza ni Kilimanjaro, simba, Mmasai anayeruka na hakuna matata, maneno ambayo mtu wa Mbeya au Kigoma hayatumii hata akiwa hana tatizo lolote; yeye atasema hamna shida. Mtoto wa Mhaya au wa Mmakonde aliyezaliwa Ulaya akiletwa kwenye maonyesho hayo anaoneshwa nchi ya watalii, na nchi hiyo ameshaiona kwenye televisheni. Nchi ya shangazi zake hakuikuta pale.

Madarasa nayo yana kasoro ya kitaalamu. Mgeni huanzia kwenye jina langu ni fulani, kisha anapanda taratibu. Mtoto wa Mtanzania anazielewa njoo ule, acha utundu na chukua ndala zako tangu akiwa na miaka miwili, lakini ngeli zimempita kando. Atasema kitabu yangu bila wasiwasi, na kusoma ukurasa mmoja wa hadithi kutamtoa jasho. Mpe kitabu cha mgeni, somo la kwanza litamchosha na la nne litamzamisha. Ni mwanafunzi wa aina nyingine, na vitabu vyake havijaandikwa kwa wingi unaotosha. Taasisi ya Elimu Tanzania huandika kwa mtaala wa ndani, kwa mtoto anayesikia Kiswahili kila kona. BAKITA, baraza la Kiswahili lililoundwa mwaka 1967, limejikita kwenye viwango na ukuzaji wa lugha, na kwa upande wa ufundishaji nje, kwenye kuwaandaa walimu wa wageni. Kati ya taasisi hizo mbili kuna pengo lenye ukubwa wa mtoto wa miaka tisa.

Kuna ugumu mwingine ambao balozi huukwepa kwa adabu. Kiswahili si mali ya Tanzania peke yake. Sehemu kubwa ya wasemaji wa Kiswahili walioingia katika miji ya Marekani, Kanada na Australia kwa miaka ya karibuni ni Wakongo wa Kivu na maeneo ya jirani, na wengi wao wamepitia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma au kambi nyingine za Afrika Mashariki. Wakenya wapo pia, na Warundi. Siku ya Kiswahili katika mji wa namna hiyo ikipambwa kwa bendera moja, mwenye bendera anapata sifa na ukumbi unapoteza nusu ya watu wake.

Msimamo wa pili: utamaduni ni daraja la fedha

Huu hausemwi wazi sana, lakini ndio unaofungua mikoba ya wizara. Mfano unaotolewa kila mara ni Kenya. Wakenya wa nje walituma nyumbani takriban dola za Marekani bilioni 4.19 mwaka 2023, na karibu bilioni 4.95 mwaka 2024, kiasi kinachozidi mapato ya chai. Kenya iliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010, na mwaka 2022 ikaunda Idara ya Serikali mahususi kwa diaspora. Wanaoitazama kutoka upande wetu wa mpaka husema: tuwakumbushe watu wetu nyumbani, nao watatukumbuka.

Hoja hiyo inatia tumaini, ila inakosea mpangilio wa sababu na tokeo. Fedha inayotumwa nyumbani ni ya dawa za mama, karo ya mdogo wa mwisho, bati za nyumba iliyosimama kwenye lenta na mchango wa msiba. Anayetuma hatumi kwa kuwa aliona ngoma ubalozini. Anatuma kwa kuwa simu imelia saa nane za usiku. Mhamiaji wa kizazi cha kwanza atatuma, serikali imwalike isimwalike. Hata ile nafasi ya kupiga kura haionekani kuwa ndiyo inayomvuta: katika uchaguzi wa Kenya wa 2022, waliojiandikisha kupiga kura nje ya nchi walikuwa kama 10,000 tu, katika daftari la wapiga kura zaidi ya milioni 22.

Tatizo la fedha ni la kizazi cha pili. Bibi akifariki, na mtoto wa ughaibuni asiwe na lugha ya kuzungumza na binamu zake, mnyororo unakatika bila ugomvi wowote. Kwa hiyo utamaduni unaweza kweli kulinda fedha, ila kupitia kwa mtoto, na faida yake itaonekana baada ya miaka ishirini. Hakuna waziri anayesubiri miaka ishirini. Ndiyo sababu fungu linaishia kwenye kongamano la uwekezaji lenye kikundi cha ngoma mlangoni, ambalo picha zake zinapatikana siku hiyohiyo.

India hutajwa pia, na inastahili kutajwa kwa usahihi. Tangu mwaka 2003 hufanya mkutano wa Pravasi Bharatiya Divas tarehe 9 Januari, siku Gandhi aliporejea kutoka Afrika Kusini mwaka 1915. Haina uraia pacha. Inatoa kadi ya raia wa India wa ng'ambo, isiyo na kura wala haki ya kununua shamba. Ethiopia nayo ilitunga sheria ya kitambulisho cha wenye asili ya Ethiopia mwaka 2002. Hadhi maalumu ya Tanzania, basi, si maajabu, ina ndugu zake. Wanaoinukuu India husahau kwamba kabla ya sherehe kulikuwa na kamati. Mwaka 2000 serikali iliunda jopo chini ya L. M. Singhvi, likachunguza jamii za Wahindi nchi kwa nchi, na ripoti yake ya mwaka 2002 ndiyo iliyozaa mkutano ule. Sherehe ilitanguliwa na kuwajua watu wenyewe.

Afrika Mashariki inaikumbuka India kwa sababu nyingine pia. Nehru aliwaambia Wahindi wa huku kwamba utii wao wauelekeze kwa nchi wanazoishi. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, mwaka 1972, wengi waliokolewa na pasipoti ya Uingereza. Lugha na sherehe zao walikuwa nazo zote. Utamaduni bila karatasi ni paa la makuti wakati wa masika.

Msimamo wa tatu: utamaduni ni urithi wa mtoto

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo palipo kimya.

Sheria ya Uraia inamtambua mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania kuwa raia kwa kurithi. Lakini urithi huo una kikomo. Mzazi ambaye yeye mwenyewe ni raia kwa kurithi tu hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje. Na yule mwenye uraia wa nchi mbili tangu kuzaliwa, akiwa mtu mzima, anatakiwa kuchagua mmoja. Kwa hiyo mtoto huyu anasikia sauti mbili kutoka nyumba moja. Ubalozi unamwambia: wewe ni wetu, njoo ucheze. Sheria inamwambia: amua. Serikali yenye sera nzuri ya utamaduni na sheria ya namna hiyo inasema kwa vinywa viwili, na vijana wana masikio makali.

Nani basi anayemlea mtoto huyu kiutamaduni kwa sasa? Ni mama zake na shangazi zake kwanza. Halafu kamati za harusi na misiba, vikoba, madrasa, makanisa yenye ibada ya Kiswahili, na vyama vya Watanzania kama DICOTA huko Marekani, ambavyo huishi kwa michango na kujitolea. Yupo pia msanii. Kijana wa Minnesota anajifunza maneno mengi zaidi kwa Diamond Platnumz na Zuchu kuliko kwa afisa yeyote wa ubalozi, tena bila kualikwa. Bongo Fleva imefanya kazi ambayo hakuna bajeti ya wizara iliyowahi kuifanya. Ila wimbo una mipaka yake. Humfundisha mtu kutongoza na kujisifu. Haumfundishi kusoma barua ya babu, wala kujua kwa nini mkwe hupokewa kwa namna fulani, wala namna ya kusema pole msibani bila kuonekana mgeni.

Wanaotetea msimamo huu hawadai mambo makubwa. Wanataka vitabu vya ngazi kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na minne anayekua na lugha nyingine, mafunzo mafupi kwa wazazi wanaojitolea kufundisha, na mtihani wenye cheti ili kijana aone jasho lake limethaminiwa. Mfano ulio karibu na hilo ni Ireland, nchi yenye historia ndefu ya watu kuondoka. Tangu mwaka 2004 serikali yake ina mpango wa ruzuku kwa wahamiaji, na fedha hupewa vyama vya jamii huko huko waliko. Serikali haiendi kucheza ngoma. Inawalipia kodi ya ukumbi wanaocheza. Kwa Mtanzania wa Minnesota, ambaye ubalozi wake uko Washington, umbali wa safari ya ndege, utaratibu wa namna hiyo ndio pekee unaomfikia.

Udhaifu upo, na haufai kufunikwa kwa maneno matamu. Ruzuku huzaa ugomvi. Chama kilichokuwa kimoja kinakuwa viwili siku fedha zinapotangazwa, na anayekunywa chai na balozi ndiye anayejulikana kuwa kiongozi wa jamii. Matokeo ya darasa la watoto hayapimiki kwa robo mwaka. Na wapo walipa kodi wa Sumbawanga watakaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini mtoto wa mtu mwenye gari mbili huko Texas anunuliwe vitabu wakati darasa la mtoto wao lina wanafunzi tisini. Jibu la mwenye akili kwa swali hilo haliwezi kuwa hotuba ya uzalendo. Linalowezekana ni hili: vitabu vikiandikwa mara moja vinachapishwa kwa wazazi wa nje kwa bei kamili, na mzigo kwa hazina unakuwa wa kuandaa, si wa kugawa bure.

Msimamo wa nne: waacheni

Kundi hili lina watu wachache serikalini na wengi ughaibuni. Linasema serikali ikae mbali, kwa kuwa mkono wa dola ukishika ngoma, ngoma inapasuka. Ushahidi wao wa nguvu ni Eritrea. Serikali ya Asmara kwa miongo mingi imekuwa nyuma ya matamasha ya utamaduni ya Waeritrea barani Ulaya, sambamba na kuwadai walio nje kodi ya asilimia 2 ya mapato. Waliokimbia utawala huohuo waliyaona matamasha hayo kuwa matawi ya chama yaliyopambwa kwa nguo za asili. Mwaka 2023 yakalipuka: Giessen mwezi Julai, Stockholm Agosti, Stuttgart Septemba. Polisi na raia waliumizwa kwa makumi katika shughuli zilizotangazwa kuwa za muziki na chakula.

Nchi zinazopokea wahamiaji nazo zina jicho lao. Ufaransa tangu miaka ya 1970 iliruhusu walimu waliotumwa na nchi za asili, kama Algeria, Morocco na Uturuki, kufundisha lugha ndani ya shule zake. Februari 2020 Rais Macron alitangaza kuusitisha mpango huo, kwa madai kwamba serikali yake haikuwa na usimamizi wa kinachofundishwa. Mtoto aliyepoteza somo hakuulizwa na upande wowote.

Tanzania si Eritrea, na kuzilinganisha moja kwa moja ni kukosa haki. Lakini imani huharibika kwa hatua. Intaneti ilipokatwa nchini siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, watu waliokuwa nje walikaa siku kadhaa bila kujua ndugu zao wako katika hali gani. Baada ya siku kama zile, kadi ya mwaliko wa ubalozini husomwa mara mbili. Wapo wasioenda kwa hasira, na wapo wasioenda kwa kuogopa kupigwa picha, ama na wa upande huu ama na wa upande ule. Serikali inayotaka utamaduni uwaunganishe watu wake hailindi utamaduni huo kwa kuufanya kipimo cha utii.

Hata hivyo, kuwaacha kabisa nako kuna gharama yake. Vyama vya kujitolea huchoka. Mama aliyefundisha watoto kumi sebuleni kwake akihamia mji mwingine, darasa linakufa. Tena hakuna chama cha jamii kinachoweza kuandaa mtaala, kutunga mtihani au kubadili sheria ya uraia. Kazi hizo ni za dola, na dola ikikataa kuzifanya hazina mwingine wa kuzifanya.

Kipimo cha Muscat

Misimamo yote minne ikitaka kupimwa, ipelekwe Oman. Huko Kiswahili kimeishi zaidi ya nusu karne majumbani mwa watu waliotoka Unguja, Pemba, mwambao wa bara, na hata Burundi na Kongo, bila darasa la ubalozi na kwa muda mrefu bila uhusiano mwema na waliobaki. Kilihifadhiwa na jiko, na harusi, na taarabu, na akina bibi. Hiyo ni hoja kwa wanaosema waacheni. Lakini Oman inaonesha pia kwamba wasemaji wakiwa wengi na wakikaa jirani, lugha hujilinda. Familia tatu zilizotawanyika katika jimbo la Marekani hazina ngome hiyo.

Oman inauliza swali ambalo ofisi zetu hazilipendi: nani ni diaspora? Je, mtoto wa aliyekimbia mwaka 1964 ni mwenzetu wa ughaibuni au ni mgeni anayejua Kiswahili? Rais Samia, mwenyewe Mzanzibari, alizuru Muscat Juni 2022, na milango ya biashara ikafunguliwa zaidi. Katika urithi mwelekeo umekuwa wa kinyume na matarajio: Oman ndiyo iliyokuwa ikifadhili ukarabati wa Beit al-Ajaib mjini Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 kazi ikiwa inaendelea. Nchi wanayoishi waliohama ilikuwa inagharimia kumbukumbu za nchi walikotoka.

Jambo hilohilo lilijitokeza Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi. Pongezi rasmi zilitoka haraka. Mitandaoni watu wakabishana: ni wetu, au ni Mwingereza tu ambaye sheria yetu isingemruhusu kubaki na uraia wetu? Ubishi ulikuwa mkali, na wengi waliobishana hawakuwa wamesoma hata ukurasa wake mmoja, kwa kuwa kwa Kiswahili haukuwapo. Aliyeliziba pengo hilo ni mfasiri Ida Hadjivayanis, aliyeigeuza riwaya ya Paradise kuwa Peponi, ikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kitabu kimoja kilichorudi nyumbani kimefanya zaidi ya hotuba nyingi za Julai 7, na kilirudishwa na mfasiri na mchapishaji.

Mizani

Nikiipima misimamo hii, ule wa bidhaa ni halali lakini si wa diaspora. Ukabidhiwe utalii na biashara, uhukumiwe kwa vipimo vya biashara, na uache kujiita huduma kwa Watanzania wa nje. Ule wa fedha una walezi wake tayari, benki na mifuko, na hauhitaji ngoma. Ule wa kuwaacha una onyo la kweli kuhusu siasa, ila unaliacha jukumu ambalo hakuna mwingine wa kulibeba. Unabaki wa urithi, ulio na faida ndefu zaidi na mtetezi mdogo zaidi, na ndio unaostahili fungu lake lenyewe.

Fungu hilo lina bei ambayo si ya shilingi. Serikali ikivipa vyama ruzuku kwa ushindani wa haki, itawalipia ukumbi hata wanaoikosoa. Ikiandika vitabu kwa kushirikiana na Kenya na wengine kupitia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, itapoteza ile fahari ya bendera moja, na kupata mtoto wa Mkongo na wa Mkenya katika darasa hilohilo, jambo ambalo pia litapunguza gharama ya kila kitabu. Ikimhesabu mjukuu wa aliyekimbia mwaka 1964 kuwa mwenye haki katika darasa hilo, italazimika kusema kwa sauti mambo ambayo imezoea kuyapita kimya. Nadhani bei hiyo inalipika. Wasiokubaliana nami watakuwa na sababu, hasa kuhusu ruzuku, ambazo katika nchi zetu huwa na tabia ya kujua njia ya kwenda kwa jamaa.

Lakini vitabu na ruzuku vitakuwa vinafanya kazi chini ya kivuli cha jambo moja lisilobadilishwa na marekebisho ya 2025. Hadhi maalumu inamsubiri mtu aliyekwisha kuupoteza uraia, haimzuii kuupoteza. Binti aliyezaliwa Leicester, akafundishwa Kiswahili kwa jasho la mama yake, akapita mtihani na kucheza ngoma kila Julai 7, akifikia utu uzima bado sheria ya nchi ya wazazi wake inamdai achague.